MSTARI ULIOFUTA MADENI YA VITABU



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nieleze habari za mstari mmoja mwembamba uliotutia taabuni.

Wasomaji watakumbuka kwamba Januari 2025 daftari la kuazima vitabu liliwekwa kando, nasi wa chama cha kompyuta tukapewa kazi ya kutengeneza hifadhidata ya maktaba. Ilikuwa na majedwali matatu: Wanafunzi, Vitabu na Maazimo. Programu tuliyotumia ina ukurasa wa ramani, ambapo kila jedwali ni kisanduku, na uhusiano ni mstari wa kutoka kisanduku hiki hadi kile. Mwisho mmoja huandikwa 1, wa pili n. Mpango wa majedwali yenye kuhusiana ulitolewa na Edgar Codd mwaka 1970. Naye Peter Chen, mwaka 1976, aliuchora kila uhusiano kwa umbo la almasi lenye jina lake ndani. Ramani yetu haikuwa na majina, ni mistari mitupu.

Basi mstari ule ulikuwa na siri. Ukiubofya mara mbili, hufunguka kidirisha cha kuuliza: mwanafunzi akifutwa, maazimo yake yafanyweje? Kompyuta ikatae, au yafutike pamoja naye? Kwa haraka yangu nilichagua la pili. Kidirisha kikafungwa, na mstari ukabaki vile vile, haukutofautika na mingine hata kidogo. Februari nikafuta majina ya waliomaliza kidato cha nne. Walipokuja kuchukua vyeti vyao, Mwalimu wa maktaba akatazama kompyuta: hakuna anayedaiwa hata kitabu kimoja. Na rafu zina mapengo! Lawama ikamwangukia kiranja wa maktaba, rafiki yangu, naye akamaliza Jumamosi tatu akitafuta chini ya vitanda vya mabweni vitabu ambavyo havikuwamo. Kosa nililigundua baada ya Jumamosi ya pili. Kwenda kulisema kulinichukua juma zima.

Mwalimu hakunifokea. Alisema, "Nitengenezee ramani ambayo mimi nisiyejua kompyuta nitaiona hatari kabla sijaifikia."

Tukaandika programu ndogo ya kuchora ramani upya. Kwanza tulitia rangi, nyekundu kwa mstari wa hatari na kijani kwa mwingine, kumbe mwenzetu mmoja hawezi kupambanua rangi hizo mbili. Tukauchora ule wa hatari maradufu. Kisha Mwalimu akauliza, "Huyu n ni nani?" Tulicheka, kisha tukaona haya, maana sote tuliwahi kuuliza hivyo. Tukaiondoa n, na katikati ya mstari tukaandika "ameazima". Ukiugusa kwa kipanya, chini hutokea maneno haya: "Ukimfuta mwanafunzi, maazimo yake yote yatafutika."

Katika hifadhidata yenyewe sasa kompyuta hukataa kumfuta mwenye deni. Lakini kwa majaribio nilitengeneza nakala yenye majina ya bandia na mstari ule wa zamani, nikamketisha kiranja mbele yake, nikamwuliza kama ni salama kumfuta mtu. Alisogeza kipanya, akasoma, akauondoa mkono.

"Si salama," akasema. "Mbona maneno haya hayakuwapo Februari?"

Sikuwa na la kumjibu. Daftari la zamani limerudi mezani kwa Mwalimu, nasi twaandika kote kuwili.