Afishi ya mtoto: safari yangu ya Goma

Sisi watu wa Kolwezi tumezoea ardhi inayochimbwa na watu. Mwezi huu nataka kuwaeleza mji mwingine wa inchi yetu, ambako moto wa chini ya ardhi unatoka wenyewe, bila mtu kuuchimba.

Nilikwenda Goma mwezi wa tano wa mwaka 2022 kumtembelea dada yangu, aliyeolewa kule. Siku zile uwanja wa ndege wa Goma ulikuwa ungali wazi. Nilipanga kupumzika siku kumi, kula sambaza na kuangalia ziwa. Lakini mtoto wake wa pili, kijana wa miaka minane, alinipa kazi. Nawaandikia juu ya kazi ile, kwa sababu wengi wetu tuna watoto kwenye masomo, na kazi wanazorudi nazo nyumbani pengine tunazifanya vibaya bila kujua.

Mji juu ya mawe meusi

Goma iko kwenye ukingo wa kaskazini wa ziwa Kivu, kimo cha metre kama 1 460 juu ya bahari. Baridi ya asubuhi inamshangaza mtu wa Katanga. Upande wa mashariki mpaka na Rwanda ni karibu sana. Gisenyi na Goma ni kama nyumba mbili zenye ukuta mmoja. Upande wa kaskazini, mbali ya kilometre chini ya 20, unasimama mlima Nyiragongo, wenye metre 3 470.

Mgeni anaona jambo moja mbele ya yote: mawe. Ni mawe meusi ya volkano, yenye matundu madogo kama mkate. Wenyeji wanayaita makoro. Kuta zimejengwa nayo, njia zimejaa nayo, viatu vinakatika juu yake. Nyumba nyingi ni za mbao, zimesimama juu ya lava iliyopoa. Katikati ya magari wanapita vijana wa chukudu, ile baiskeli ya miti isiyo na pedali, wamebeba makala, viazi, mbao, hata mamia ya kilo. Chukudu inaheshimiwa sana kule. Wameijengea sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu kwenye rond-point moja ya mji.

Kazi ya Madamu

Siku ya tatu ya safari yangu, mtoto alirudi kutoka masomo, akaweka mfuko chini, akasema: "Mujomba, Madamu anataka kila mtoto alete afishi. Juu ya volkano. Siku ya kwanza ya juma tutazipachika kwenye ukuta."

Sababu ya kazi ile ilikuwa wazi. Siku zile ilikuwa inatimia mwaka mmoja tangu Nyiragongo ipasuke, tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Mwalimu alitaka watoto waonyeshe kwa picha namna ya kujilinda. Nilifurahi, maana zamani nilikuwa nachora vizuri. Nikamtuma yaya yake anunue karatasi kubwa nyeupe na kalamu za rangi. Kole tulipika wenyewe, kwa unga wa muhogo na maji.

Kosa langu

Hapa naungama kosa langu. Nilikaa kwenye meza, nikashika kalamu, nikaanza. Nilichora mlima mrefu, wenye mdomo mzuri, moshi unapanda, lava inashuka mistari mitatu. Nilipima herufi na regla, nikaandika VOLKANO YA NYIRAGONGO. Saa nzima ilipita. Nilipoinua macho, mtoto hakuwa kando yangu. Alikuwa amelala kwenye mkeka, anachezea kifuniko cha chupa.

Nikamwita: "Njoo uone afishi yako!"

Alikuja, akaangalia kwa adabu. Kisha akasema polepole: "Ni muzuri sana, mujomba. Lakini Madamu alisema kila mtoto alete yake. Hii ni yako."

Dada yangu alicheka kule jikoni. "Kaka, ulisoma zamani, ulipita. Sasa achia mwenzako naye asome." Niliona haya kidogo, lakini alisema kweli. Nilikunja karatasi ile. Nikamuuliza mtoto swali ambalo nilipaswa kuanza nalo: "Wewe mwenyewe unataka watu wajue nini?"

Alinyamaza. Kisha akasema: "Sijui. Twende tuangalie kwanza."

Tulitoka kwenda kuangalia

Basi siku ya posho tulizunguka mji, yeye na kitabu kidogo na kalamu, mimi na viatu vyangu vilivyoanza kupasuka.

Kwanza tulikwenda katikati ya mji. Nilimweleza habari ya tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002. Siku ile lava iliingia katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaunguza katedrali ya Mtakatifu Yosefu, ikafika mpaka ziwani. Watu zaidi ya 100 walikufa, na kama 120 000 walikosa nyumba. Mzee mmoja aliyekuwa anauza biskuti aliongeza habari ya mwaka 1977: siku ile lava ilishuka mbio sana, na ziwa la moto lililokuwa kwenye mdomo wa mlima lilikwisha kwa muda usiofika saa moja. Watu wa vijijini hawakupata nafasi ya kukimbia. Mtoto hakuandika tarehe hata moja. Alichora kikapu cha biskuti cha mzee. Nilitaka kumkataza, nikajizuia.

Kisha tulipanda upande wa kaskazini, Buhene, pale lava ya 2021 iliposimama, karibu na uwanja wa ndege. Ni shamba la mawe, na mabati yaliyokunjamana katikati yake. Siku ile walikufa watu zaidi ya 30, na nyumba elfu nyingi ziliharibika. Mtoto aliokota jiwe dogo, akalitia mfukoni.

Mwisho tulishuka ziwani. Wavuvi walikuwa wanapanga nyavu zao za sambaza. Njiani mtoto alinionyesha bonde dogo lenye majani, akanivuta mkono: "Mujomba, hapana kuingia pale. Kuko mazuku."

Mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini na kulala mahali pa chini. Ni gesi ya kaboni, ile ile tunayoitoa tukipumua, lakini pale inakuwa nyingi mno. Haina rangi. Ni nzito kupita hewa ya kawaida, kwa hiyo inakaa bondeni kama maji, zaidi usiku na asubuhi, wakati hakuna upepo. Mbuzi anaanguka, mbwa anaanguka, na mtoto mfupi anaanguka mbele ya mtu mkubwa. Anayeinama kumwokoa anaweza kuanguka naye. Wachimbaji wetu wanaielewa habari hii, maana ndani ya mashimo pia iko hewa inayozima mshumaa na kumzimisha mtu. Sikutegemea kufundishwa na mtoto wa miaka minane jambo linalofanana na lile tunalowakumbusha vijana wetu Kolwezi kila siku.

Usiku wa Sake

Jioni ile alianza kuchora. Mimi nilikaa mbali, nikafanya kazi mbili tu: kumchongea kalamu na kumuuliza maswali. "Huyu ni nani?" "Wanakwenda wapi?" Mlima wake ulikuwa mdogo, kwenye kona, kama kichuguu. Karibu karatasi yote ilikuwa barabara, na barabara ilijaa watu wadogo wadogo wenye magodoro kichwani. Katikati alichora watoto wawili wameshikana mikono. Kando kabisa, peke yake, mama mmoja mwenye kitambaa cha manjano.

Nikauliza: "Huyu mama anafanya nini?"

"Anatutafuta."

Dada yangu aliacha kuosha sahani.

Hapo ndipo nilijua habari ambayo hakuna aliyenieleza kwenye simu. Ile siku ya posho jioni, mlima ulipopasuka, dada alikuwa soko la Birere. Bwana wake alikuwa safarini Butembo. Watoto walikuwa nyumbani Ndosho. Anga lilipokuwa jekundu, majirani waliwachukua, wakashika njia ya Sake, upande wa magharibi, kilometre zaidi ya 20 kwa miguu, usiku. Dada alikimbia nyumbani, akakuta mlango umefungwa. Alisikia kwamba watu wengi wanakimbilia Gisenyi, naye akageuka, akaenda Gisenyi. Usiku kucha aliita majina yao kule, nao walikuwa Sake. Walionana siku ya Mungu saa za jioni. Kwa siku zile watoto wengi wa Goma walipotezana na wazazi wao. Wao walipata neema ya kuonana mapema.

Mtoto hakuwahi kusema juu ya usiku ule. Mama yake alifikiri amesahau. "Batu bote balikuwa banakimbia," alituambia sasa, akiendelea kupaka rangi, "na mimi nilikuwa naangalia kila kitambaa ya njano."

Pale pa kukutania

Dada alikaa naye kwenye mkeka. Alimuuliza: "Basi ungependa kuchora nini hapa, mahali pasipo na kitu?" Akajibu: "Pale tutakutana. Lakini hatukupachagua."

Ilikuwa kweli. Mwaka mzima ulikuwa umepita, na jamaa ile haikuwa imechagua mahali pa kukutana. Walijua rangi nne za kituo cha kuchunguza volkano, kile wanachokiita OVG: kijani ni salama, manjano ni kuangalia, rangi ya chungwa ni kujitayarisha, nyekundu ni kuondoka. Lakini mwaka 2021 mlima ulipasuka mbele rangi nyekundu haijatangazwa. Kujua rangi hakutoshi kama watu wa nyumba moja hawajui watakutana wapi.

Baba ya watoto aliporudi kutoka kazi, tulikaa wote. Mazungumzo yalikuwa marefu. Walichagua pahali pawili. Pa karibu ni kwa mzee mmoja fundi wa chukudu, kando ya barabara kubwa, maana kila mtoto anapajua. Pa mbali ni mbele ya kanisa moja kule Sake. Waliandika namba mbili za simu kwenye kitambaa, wakakishona ndani ya mfuko wa masomo wa kila mtoto. Mtoto akachora chukudu kubwa kwenye nafasi ile tupu. Jiwe la Buhene alilisaga kwa nyundo, akamwaga unga wake juu ya kole ili barabara iwe nyeusi ya kweli. Aliandika mwenyewe, herufi zikipanda na kushuka: TUTAKUTANA KWA MUZEE WA CHUKUDU. Neno moja alilikosea. Nilishika mkono wangu nisilisahihishe. Nikamwambia asome tena kwa sauti, akaliona mwenyewe.

Haikuwa afishi nzuri kupita zote kwenye ukuta. Nyingine zilichorwa vizuri sana. Nafikiri nazo zilikuwa na wajomba. Lakini Madamu aliuliza darasa lote: "Nyinyi mutakutana wapi?" Watoto wengi walikosa jibu, akawatuma wakaulize nyumbani.

Tangu safari ile Goma imeona mateso mengine. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025 vita iliingia mjini, M23 ikaushika mji, na watu wengi sana walikufa. Siku nyingi hatukupata sauti ya dada. Simu zilipopatikana tena, ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Tuko wote. Masasi ilipotulia tulikutana kwa muzee."

Kwa wazazi na vijana

Ndugu msomaji, mtoto wako akirudi na kazi ya kuchora, usikimbilie kalamu. Mnunulie karatasi kama feza iko. Kama haiko, kartoni ya sabuni inatosha, na makala yanachora vizuri. Mtembeze aone kitu chenyewe. Muulize, kisha nyamaza umsikie. Akikosea, mwache aone kosa lake. Pengine ndani ya mistari ile iliyopinda liko jambo ambalo hajapata njia nyingine ya kukuambia.

Nanyi vijana, yaya za wadogo, kazi hii ni yenu pia, maana baba na mama mara nyingi wako kazini au shambani. Sisi hatuna volkano, lakini tuna mashimo yasiyofunikwa, makamio makubwa na maji ya viwanda. Juma hili mwombeni mdogo wenu achore njia yake ya kwenda masomoni, na pahali anapoogopa. Kisha muulizeni: tukipotezana, tutakutana wapi?

Mimi niliporudi Kolwezi niliwauliza watoto wangu swali lile. Walitaja pahali patatu mbalimbali. Usiku ule ule tulichagua pamoja.