Kozi ya kompyuta pale Majengo

Kituo chetu kilianza wakati Mpanda ingali wilaya ya Mkoa wa Rukwa, enzi ambazo ukiwa na shida kubwa ya kiserikali unapanda gari kwenda Sumbawanga. Wakazi wachache wa Majengo, hapa mjini Mpanda, walichangishana, wakapanga chumba cha uani, wakapata kompyuta nne za mgongo mrefu zilizokwisha kuchoka kwenye ofisi za Dar es Salaam. Zilikuja na treni, kupitia Tabora na Kaliua, kwenye reli ambayo mkoloni aliijenga kwa ajili ya madini ya risasi. Kila moja ilishonewa gauni la pazia kuukuu, maana vumbi la kiangazi cha kwetu halibishi hodi.

Wazee walikuwa na mashaka, na sikuwalaumu. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku ile ilidumu miaka mingi. Mtu aliyekulia katika nchi hiyo ana haki ya kuuliza kama mashine hii inaleta kazi au inazila.

Somo la kwanza lilikuwa kuhifadhi kazi, hata kabla ya kujua kuandika. Gridi ya Taifa ilikuwa mbali nasi, mji ukiendeshwa na mashine za dizeli, na taa zilipoanza kufifia mwalimu alipaza sauti: "Hifadheni!" Darasa zima tukabonyeza Control na S kwa pamoja, kisha giza. Tulikaa wawili wawili, mmoja anachapa, mwenzake anamsomea. Kibodi ilifunikwa kitambaa ili vidole vijifunze bila macho. Herufi A ilikuwa imefutika kabisa.

Tulichokitafuta kilikuwa kimoja: kazi ya ukatibu muhtasi. Maombi yenyewe, ajabu yake, yaliandikwa kwa mkono, yakatiwa kwenye bahasha ya kaki na kupelekwa posta. Cheti cha kompyuta kiliambatishwa nyuma, na kilikuwa na uzito.

Mwaka 2012 Katavi ikawa mkoa, na Mpanda yetu ikawa makao makuu yake. Sijui kama watu wa mikoa ya zamani wanaelewa maana yake kwa mji mdogo. Ofisi zilihitaji watu wa kuchapa barua, kutunza majalada, kuandaa mihtasari ya vikao. Baadhi ya tuliosoma nao waliingia huko. Wengine, na kwa maoni yangu hawa ndio waliotumia akili zaidi, walinunua printa na mashine ya kopi, wakafungua steshenari karibu na ofisi hizo hizo. Kituo kikajaa. Wazazi walilipa ada kwa kuuza mpunga.

Halafu kikapungua watu, polepole. Mkongo wa baharini ulikuwa umefika Dar es Salaam mwaka 2009, na baada ya muda intaneti ikatufuata hadi Majengo ikiwa ndani ya simu. Vijana wakaona kozi imepitwa na wakati. Wangeketi vipi mbele ya kompyuta isiyo na A wakati mfukoni wana kioo cha kuteleza? Mimi mwenyewe nilipoanza kusaidia kufundisha nilikuta viti vitupu, na kwenye kikao cha kamati kuna aliyependekeza tuuze vifaa, tugawane.

Kilichotuokoa ni fomu. Maombi ya kazi serikalini yalihamia kwenye tovuti ya Ajira Portal. Mkopo wa chuo unaombwa mtandaoni, na cheti cha kuzaliwa sharti kihakikiwe na wakala wa usajili, RITA, kwa njia hiyo hiyo. Kijana anayetuma video kwa sekunde chache alikuwa hajui kugeuza cheti kuwa PDF, wala faili lake limekaa wapi. Akaenda steshenari, akalipa, akafanyiwa; aliyetaka kujifanyia mwenyewe akaja kwetu.

Hapo ndipo lilipojitokeza jambo ambalo halikuwahi kuwamo kwenye mtaala wetu. Mama mmoja alikuja na binti yake aliyekuwa ameshindwa kuingia kwenye akaunti yake.

"Shikamoo, mama. Paswedi yake ni ipi?"

"Marahaba, mwanangu. Anayo yule kijana aliyemjazia."

"Na barua pepe?"

"Alimfungulia yeye pia."

Kijana yule alikwisha kuhama mji, na laini ya simu aliyoisajili kwenye barua pepe ilikuwa yake. Tangazo la kazi lilikuwa linafungwa. Hakuwa mwizi, alimrahisishia mteja kazi, mteja akashukuru. Lakini binti alikuwa hana njia ya kuingia kwenye maombi yenye jina lake na vyeti vyake.

Tangu hapo mwanafunzi mpya anaanza kwa kujifungulia barua pepe, kwa laini yake, kwa nywila anayoitunga mwenyewe huku mwalimu amegeukia ukutani. Wengine huchukua nusu ya kipindi. Kuchapa kwa vidole kumi tunakufundisha bado, ila kumesogezwa wiki ya pili.

Nawe unayesoma, kama barua pepe yako ilifunguliwa na mtu wa steshenari, ibadilishe nywila leo, uweke na namba yako ya simu. Usingoje tangazo la kazi litoke.