Aitwaye Porini Aitike

Miongoni mwa mambo tuliyorithi kwa wazee wetu wa Acholi, kaskazini ya Uganda, hakuna lililotukaa moyoni kama adabu ya mawindo. Msomaji asituelewe vibaya: hatuwahimizi vijana kushika mikuki. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Uganda mwaka 1979, na hata leo kuwinda pasipo kibali ni kosa. Lakini yaliyofunzwa katika mbuga zile yana faida hata darasani, ndiyo maana twayaandika.

Msako mkuu, ambao kwa Kiacholi huitwa dwar arum, ulifanywa wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka. Kila mbuga ilikuwa na msimamizi wake, won tim, na hakuna aliyethubutu kuwasha moto kabla yeye hajatoa idhini. Watu walijipanga safu. Wengine wakatega nyavu, wengine wakawaswaga wanyama. Hatari haikuwa nyati peke yake. Hatari kubwa zaidi ilikuwa binadamu mwenzio, aliyeshika mkuki ndani ya nyasi zipitazo kimo cha mtu, asiweze kukuona.

Kwa sababu hiyo wazee waliweka masharti. Asiyeona anachokilenga asirushe. Mkuki urushwe mbele, kamwe usielekezwe ubavuni mwa safu. Mnyama aliyejeruhiwa asifuatwe kichakani na mtu mmoja. Moto ukigeuzwa na upepo, mtu asishindane nao mbio, bali atafute mahali palipokwisha kuungua, maana moto hauli mara mbili. Na sharti lililoyapita yote: ukiitwa, itika.

Sharti hilo ndilo tulilolivunja. Mwaka 1970, tukiwa na umri wa miaka 11, tuliiacha safu kwa siri, tukajibanza nyuma ya kichuguu, tukitaraji kuwa wa kwanza kumpiga kongoni. Baba mdogo akatuita kwa jina. Tukanyamaza, tusije tukamshtua mnyama. Akaita mara ya pili; tukanyamaza. Tulipojongea kidogo nyasi zikatikisika, naye akainua mkuki. Akangoja. Akaita mara ya tatu, na hapo ndipo sauti ilipotutoka.

Hakutupiga wala hakututukana. Aliketi chini, mkuki magotini, mikono ikimtetemeka, akasema, "Mwanangu, ningemwambia nini mama yako?"

Tangu siku ile hakwenda tena msakoni. Watu walidhani ameanza kuzeeka. Ukweli tuliujua sisi wawili tu. Mara nyingi tulikusudia kumwomba radhi, na kila mara tukaahirisha, hata akafariki hatujasema neno.

Waswahili husema, mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Baba mdogo hakuwa na hatia yoyote, lakini adhabu ya ukaidi wetu ilimwangukia yeye.

Katika miaka yetu ya kufundisha Kiswahili, wanafunzi walizoea kucheka kwa jinsi tulivyokuwa wakali wakati wa kuita majina. Mwanafunzi yupo, ameketi mbele yetu, twamwona kwa macho. Kwa nini basi tumlazimishe kuitika? Hatukuwakemea kwa kicheko chao. Tuliwasimulia habari hii, kisha tukafungua daftari na kuanza tena kuita, tokea jina la kwanza.