Mkulima, Mchungaji na Mvuvi: Safari ya Saio hadi Kasenyi

Saio ni mtaa wa Bunia, mji wa Ituri nchini Kongo, wenye jina la vita. Julai 3, 1941, huko Saio ya Ethiopia, mji ambao leo unaitwa Dembi Dolo, Waitaliano walisalimu amri mbele ya askari wa Force Publique, jeshi la wakoloni wa Kibelgiji, waliotoka Kongo. Jina hilo likaja kupewa barabara, kambi na mitaa ya nchi yetu. Asubuhi mtaa unaamkia wekundu: udongo mwekundu, matofali ya kuchoma, vumbi linaloinuka kila pikipiki inapopita na abiria. Juu yake kuna mabati na mikaratusi, basi. Mgeni anayeishia hapo hurudi kwao akisema Bunia ni mji wa vumbi. Hajakosea, ila ameondoka mapema. Angeshika barabara ya Bogoro, ile inayoshuka hadi Kasenyi kwenye Ziwa Albert.

Bunia iko kwenye mwinuko wa mita 1,270 hivi kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Albert liko kwenye mita 620 hivi. Tofauti hiyo yote unaishuka kwa njia moja. Ukiisha kupita Bogoro nchi inakatika, na chini yako unaona vilima, uwanda, kisha maji hadi milima ya Uganda, karibu kilomita 30 ng'ambo.

Mandhari hiyo ina pacha wake Ulaya. Brussels, katika Makumbusho ya Kifalme ya Sanaa, kuna mchoro wa pwani ambao Mkongo wa Ituri akisimama mbele yake ataufahamu upesi kuliko Mbelgiji. Unahusishwa na Pieter Bruegel, mchoraji wa karne ya 16, ingawa wataalamu wengi wanaona ni nakala ya kazi yake iliyopotea. Makumbusho yaliununua mwaka 1912. Unasimulia anguko la Ikaro, kijana wa hadithi za Kiyunani aliyeruka kwa mabawa ya nta, jua likayayeyusha. Lakini Ikaro mwenyewe ni miguu miwili tu inayozama pembeni. Nafasi kubwa wamepewa watu wa kazi: mkulima anayelima mbele kabisa, mchungaji na kondoo wake hatua chache chini, mvuvi ukingoni mwa maji.

Mchoraji alimweka mtazamaji juu ya mteremko ili nchi yote ifunguke kwa mara moja. Mbele aliweka udongo wa kahawia, katikati bahari ya kijani, mbali weupe wa manjano palipo na jua. Kisha akamvika mkulima shati jekundu. Doa hilo moja ndilo linalokamata jicho na kulishusha hatua kwa hatua hadi majini.

Mteremko wa Bogoro umepangwa hivyohivyo. Karibu nawe ni shamba la mihogo na mama anayepalilia, kitambaa chekundu kichwani. Chini yake ng'ombe wanatafuta majani, mchungaji amelaza fimbo mabegani. Chini zaidi, mitumbwi imekuwa midogo kama mbegu. Asubuhi jua linakuja usoni kutoka Uganda, ziwa linakuwa fedha tupu na watu wanabaki vivuli. Alasiri jua liko mgongoni, na hapo rangi zinatoka zote: kahawia, kijani, na buluu ya ng'ambo.

Buluu hiyo ni kazi ya hewa: kadiri mlima ulivyo mbali, ndivyo hewa inavyozidi kuuvika rangi yake. Machi 1864 mpelelezi Mwingereza Samuel Baker alilifikia ziwa hili kwa upande wa mashariki, akatazama huku kwetu na kuona milima ya buluu. Ramani za Kifaransa bado zinaiita Monts Bleus. Sisi tunaosifu buluu ya Uganda, kwa watu wa ng'ambo sisi ndio buluu.

Kasenyi penyewe rangi zinabadilika. Maji ya ukingoni si buluu hata kidogo. Ni ya kijani kilichochanganyika na tope. Samaki aina ya kapitani anapasuliwa, anafunguliwa kama kitabu, anapakwa chumvi na kuanikwa juani awe makayabu. Nyama yake nyeupe yenye uwaridi inageuka manjano, na punje za chumvi zinametameta katika kila mkato. “Papa, samaki ya leo iko, makayabu pia iko,” mama mmoja akaniita. Nilichukua vyote viwili.

Barabara hii haisifiwi kwa kufumba macho. Februari 24, 2003 Bogoro ilishambuliwa na raia wengi wakauawa, na mwaka 2014 Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai ilimhukumu Germain Katanga, kamanda wa wanamgambo, kwa mashambulizi hayo. Vita vya Ituri viligombanisha hasa jembe na fimbo ya ng'ombe. Katika mchoro wa Brussels mkulima, mchungaji na mvuvi hawaangaliani, na kijana anazama. Hapa uzuri unatimia pale tu wote watatu wanapokuwa kazini siku moja bila kuogopana.

Kwa hiyo, msomaji, ukifika Bunia uliza kwanza hali ya barabara kwa watu wanaoipita kila siku, na wakikuambia usiende, usiende. Wakikuambia iko salama, toka Saio mapema, nunua samaki Kasenyi, na panga kupandisha Bogoro alasiri, jua likiwa bado juu. Mandhari ya namna hii Ulaya wanaitazama kwa tiketi. Ituri inahitaji amani tu.