Malumbano ya Wenye Vespa

Watu wa pwani wana njia nyingi za kujuliana hali, na mojawapo ambayo haikuandikwa sana ni lawama. Wenye vespa wawili wakikutana njiani, salamu hutolewa na kuitikiwa kama ilivyo ada, kisha, kabla hawajaulizana habari za watoto, kila mmoja hukitazama chombo cha mwenziwe na kuuliza: "Kinakwendaje?" Jibu lake halijapata kuwa "Kinakwenda vyema." Mwenye kujibu hivyo huonekana ama ni mgeni wa mambo haya, ama ana jambo analolificha.

Kiembe Samaki ni mahali pazuri pa kuyasikiliza majibu hayo. Mtaa huo uko kusini ya Mji Mkongwe, kwenye njia iendayo uwanja wa ndege, wapitapo daladala wa nambari 505. Wakaazi wake huishi baina ya milio miwili: wa juu, wa ndege ziletazo wageni na kuwarejesha kwao, na wa chini, wa vyombo vidogo viwapelekavyo wenyeji sokoni, skuli, msikitini na mazikoni. Baada ya sala ya alasiri, jua linapopunguza ukali wake, penye kibanda cha fundi huwa pameegeshwa vespa tano au sita. Pana ubao wa kukalia, kopo la petroli ya kuoshea vyuma na mtungi wa maji. Fundi hufanya kazi, waliobaki husema.

Na ya kusema hayaishi. Wa kwanza ataanza na kiki: amepiga tangu asubuhi mpaka goti limemvimba, na chombo kimemjibu kwa kikohozi. Wa pili ataeleza jinsi ilivyombidi akilaze ubavu mbele ya watu, kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani, ndipo petroli ikakumbuka njia ya kuingia kwenye kabureta. Wa tatu atalia na oili. Injini hizi za mipigo miwili hunywa petroli iliyochanganywa na oili, nyingi kwa kipimo cha mililita 20 katika kila lita. Ikizidi, plagi hulowa na moshi humfanya jirani afunge madirisha. Ikipungua, pistoni hukwama na mfuko wa mwenye chombo ukatoboka. Wa nne atazitaja kutu. Vespa ni bati tangu kifua hadi mkia, na hewa ya kisiwani ina chumvi; rangi ikichubuka leo, mwezi ujao pana kidonda. Wa tano hana la kuongeza juu ya chombo, basi atalalamikia kofia ngumu: sheria ni sheria na kichwa ni kimoja, lakini kofia ya viua iliyofuliwa na kutiwa wanga tangu Alkhamisi inafika msikitini Ijumaa imekunjamana kama karatasi ya kahawa.

Msomaji mpenzi wa mashairi hatakosa kuyatambua mazungumzo haya. Ni malumbano. Mmoja hutia swali, wa pili hulijibu kwa kulizidisha, wa tatu huchukua neno la mwisho la wa pili akalifanya la kwanza lake. Zina kanuni ambazo hakuna aliyefundishwa. Hairuhusiwi kukitukana chombo cha mwenzio. Mtu hulaumu chake tu. Hairuhusiwi kumwambia mlalamishi, "Basi kiuze." Na anayeleta lawama ndogo baada ya kubwa ameharibu mizani, hata kama alilolisema ni kweli.

Juu ya hayo, pana fumbo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, alijulikana kwa kusema jambo moja huku wenye akili wakisikia jingine, na sanaa hiyo haikuzikwa naye. Vespa nyingi za zamani hazina kipimo cha mafuta cha kutazamwa. Zina kikonyo tu chenye hali tatu: kufungua, kufunga na rizavu. Chombo kikianza kuguguma njiani, mwenyewe huinama akakigeuza, akajua kwamba kilichobaki ni cha kumfikisha, si cha kutembelea. Basi mtu akisema tarehe 20 ya mwezi, "Mimi niko rizavu," hapana anayemuuliza habari za petroli. Aliye na kitu humnunulia kahawa. Mzee akisema klachi yake imechoka, hataki tena kupanda mlima, vijana hujua kuwa wamsaidie kubeba gunia lake la mchele. Mambo ambayo mwanamume wa makamo hathubutu kuyatamka kwa jina lake, yaani deni, maradhi, ukimya wa nyumba baada ya watoto kuhama, hupakiwa nyuma ya vespa yakafika barazani bila ya aibu.

Huenda ndiyo sababu chombo hiki kikapendwa hapa kuliko kilivyostahiki kwa uimara wake. Kiliundwa Italia mwaka 1946, katika kiwanda cha Piaggio mjini Pontedera, na mhandisi Corradino D'Ascanio, ambaye kazi yake ilikuwa ndege na helikopta. Alizichukia pikipiki. Aliziona chafu, zisizo raha, na zenye mnyororo wa kumpaka mtu grisi. Kwa hivyo aliondoa mnyororo, akaificha injini nyuma chini ya bati, akatia gia mkononi, akaacha nafasi wazi mbele ya kiti ili mtu apande bila ya kurusha mguu, na akaweka ngao ya kuikinga miguu na matope. Pengine hakuwahi kumfikiria mtu aliyevaa kanzu. Lakini lau angalikaa Unguja mwaka mzima akitafuta chombo kimfaacho mwenye kanzu nyeupe siku ya Ijumaa, asingalibuni kingine. Mwanamke mwenye buibui naye alipata pa kukaa, iwapo tu ataukusanya upindo wake mbali na gurudumu; na lawama za upindo ulioraruka ni mlango mzima peke yake, ambao wanawake huusema vizuri zaidi kuliko waume zao.

Hata majina yake yana utani. Vespa kwa Kitaliani ni nyigu. Mwaka 1948 kiwanda hicho hicho kilitoa chombo cha magurudumu matatu kikakiita Ape, maana yake nyuki. Bajaj wa India walipata ruhusa ya kuviunda vyote viwili, nyigu na nyuki. Na ruhusa ya vespa ilipokwisha mwaka 1971, waliendelea na skuta yao wenyewe waliyoiita Chetak, jina la farasi wa Rana Pratap, mfalme wa karne ya 16 anayesifiwa katika visa vya India kwa vita vyake na kwa uaminifu wa mnyama wake. Nyuki alipofika Afrika Mashariki alilipoteza jina lake la Kitaliani, akapewa la kampuni: bajaji. Sisimizi wa pikipiki tunamjua kwa mlio wake, pikipiki. Na bodaboda amebeba hadi leo kumbukumbu ya baiskeli zilizokuwa zikivusha watu mpakani Busia, baina ya Kenya na Uganda. Nyigu peke yake ndiye aliyebaki na jina alilozaliwa nalo, na barazani husemwa kwamba ndiyo maana hachoki kuuma.

Siyo kwamba lawama hizi ni za mchezo kila siku. Mwezi Mei 2008 umeme uletwao kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari ulipokatika, Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima. Na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Pampu za petroli huendeshwa kwa umeme, na jenereta za maduka nazo hunywa petroli. Katika miezi kama hiyo lawama hupungua badala ya kuzidi. Mtu hamlaumii plagi mwenziwe ambaye samaki wake wameoza. Hubaki chupa ya lita moja, inayopita mkono kwa mkono, na swali la nani ana mgonjwa wa kumpeleka hospitali usiku.

Pana kisa kimoja cha kibanda kile kinachofaa kuelezwa. Mmoja wa wakaaji wake wa kudumu, mwalimu aliyekwisha kustaafu, alianguka na vespa yake siku ya mvua za masika. Hakukuwa na gari wala mlevi. Palikuwa na mchanga ulioletwa na maji katikati ya lami, gurudumu dogo, na uzito wa injini ambao katika vespa uko upande wa kulia. Mguu ulivunjika. Watoto wake, kwa mapenzi yao, waliiuza vespa alipokuwa bado amelala. Alipopata nafuu alirudi barazani kwa daladala, mkongojo mkononi, akakaa mahali pake.

Wenziwe walimpokea kwa heshima zote, na heshima hizo ndizo zilizokuwa kosa. Kwa kumwonea huruma, waliacha kulalamika mbele yake. Nani angeweza kulia na kiki kwa mtu ambaye angetoa chochote apate cha kukipiga? Basi walizungumza habari za bei za vitu na hali ya hewa, kama wafanyavyo watu waliokutana msibani na hawafahamiani. Mwalimu alifika hivyo siku nne, tano. Alikuwa amepoteza chombo. Sasa alikuwa anapoteza lugha. Na kwa mtu wa umri wake la pili lilikuwa zito zaidi, kwa kuwa mguu una daktari.

Siku ya sita alikohoa, akaunyanyua mkongojo wake mbele ya fundi, akasema kwa sauti ya mtu mwenye madai: "Chombo chenyewe hiki! Tairi moja, na hilo limekwisha. Hakina gia ya kupandia ngazi. Nikisimama kinanitaka nikishike, nikikaa kinaanguka. Na walioniuzia hawana spea."

Pakawa kimya kwa muda. Kisha mmoja, bila ya kucheka, akauliza: "Na oili, maalim, unatia kiasi gani?"

"Ndiyo hiyo inayovuja magotini," akajibu.

Hapo malumbano yakarejea kama maji yaliyofunguliwa bomba. Kila mmoja akatoa alilokuwa ameliweka akiba siku zote zile: kutu, kabureta, mkanda wa breki, trafiki aliyemsimamisha mara mbili kwa kosa moja. Fundi hakusema neno. Alichukua kipande cha tairi kuukuu, akakikata duara kwa kisu, akakigongomea kwenye ncha ya mkongojo, akaujaribu sakafuni mara mbili tatu, akaurudisha kwa mwenyewe. Alipoulizwa ujira wake, alisema tairi jipya lina dhamana ya kilomita elfu moja.

Waama, kilichokuwa hatarini siku zile hakikuwa vespa. Vespa huuzwa na kununuliwa. Kilichokuwa hatarini ni haki ya mtu kuhesabiwa miongoni mwa wenye kulalamika, yaani miongoni mwa wale ambao taabu zao ndogo bado zina msikilizaji. Jamii humsikitikia mtu kwa taabu kubwa. Taabu ndogo humsikilizwa na rafiki tu.

Siku hizi vijana wa mtaa wanapanda pikipiki za mipigo minne, ambazo hazitaki oili kuchanganywa na huwaka kwa kidole. Chetak nayo, baada ya skuta ya petroli kuachwa kuundwa katikati ya miaka ya 2000, ilirudi India mwaka 2020 ikiwa ya umeme, farasi asiyelia. Wazee wa kibanda wanazitazama zana hizi kwa mashaka ambayo si ya kiufundi. Chombo kisichozimika njiani hakimsimamishi mpita njia. Kisichoazima plagi hakimjui mwenye plagi. Kijana wa bodaboda hupita mbele ya kibanda mara kumi kwa siku, abiria nyuma, simu sikioni, akapunga mkono asisimame. Si kwa kiburi, bali ana hesabu ya kumpelekea mwenye chombo jioni.

Hawamlaumu. Wamemwekea nafasi kwenye ubao, upande wa kivulini, na wanangoja. Masika yatakuja, na mvua za Unguja hazijapata kuuliza injini ina mipigo mingapi.