Usiishike Sindano Kabla ya Cheche

Ninyi mkaao Butembo na Beni mwawajua sana samaki wa Ziwa Edward. Lakini ni wachache kati yenu mnaofikiri habari za mashine inayousukuma mtumbwi wa mvuvi kule Kyavinyonge. Mimi ni fundi wa mashine hizo. Leo napenda kuwaeleza namna ya kuitengeneza iliyo kuukuu, kwa sababu maisha ya watu yanaitegemea. Gari likizimika njiani, msafiri hushuka akatembea kwa miguu. Mashine ya mtumbwi ikizimika katikati ya ziwa, na upepo ukivuma, hakuna pa kushukia.

Mashine za namna hii si jambo la jana. Ole Evinrude, aliyezaliwa Norway akahamia Marekani, alianza kuziuza zake mnamo mwaka 1909. Mashine zenye jina lake ziliacha kutengenezwa mwaka 2020. Basi aliye na ya zamani hana budi kuitunza, maana vipuri havipatikani kwa urahisi.

Mashine hutaka vitu viwili: cheche na chakula. Cheche hutoka kwenye buji, ambayo wengine huiita plagi. Chakula chake ni hewa iliyochanganywa na petroli, nacho huandaliwa katika kabureta. Cheche sharti iruke wakati pistoni inapokaribia kufika juu. Ikiruka mapema mno, moto huipiga pistoni ingali inapanda, na mashine hugonga na kupata joto kali. Ikichelewa, nguvu hupotea bure, kama mtu anayesukuma mlango uliokwisha kufunguka.

Wakati huo wa cheche hupangwa na nini? Chini ya gurudumu zito lililo juu ya mashine zimo platini, yaani vidomo viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana. Vinapoachana ndipo cheche inaporuka. Katika mashine nyingi za Johnson na Evinrude za miaka ya 1950 na 1960, nafasi kati ya vidomo hivyo ni nusu milimita. Ikiwa pana kupita kiasi, cheche huwahi. Ikiwa nyembamba, cheche huchelewa. Tena gurudumu lenyewe hushikwa mahali pake na kipande kidogo cha chuma. Kikianza kukatika, gurudumu huhama kidogo, sumaku zake hazipiti kwa wakati wake, na cheche hudhoofika.

Mwaka 2009 nahodha mmoja aliniletea Johnson ya silinda mbili. Akaniambia, “Bwana fundi, ufukoni yanguruma kama simba. Lakini tukiingia watu saba pamoja na nyavu, yakohoa na kufa.” Usiku mmoja upepo ulikuwa umewachukua mpaka mapambazuko, nao wana makasia mawili tu. Mmoja wa hao saba alikuwa mwanawe wa kwanza.

Niliuliza mashine imekwisha kufanyiwa nini. Alijibu kwamba kila aliyeishika aligeuza sindano ya kabureta. Sikushangaa. Sindano iko nje, mkono huifikia upesi. Gurudumu lataka nguvu, zana na uvumilivu. Nilipolinyanyua niliona platini zimeliwa, nafasi yake nyembamba kama karatasi, na kile kipande cha chuma kimekatika nusu. Kumbe kabureta ilikuwa ikishtakiwa kwa kosa la mwingine! Ndiyo sababu nawafundisha vijana wangu: cheche kwanza, petroli baadaye.

Cheche ikiwa tayari, ndipo tuishike sindano ya mwendo wa polepole. Ifunge taratibu mpaka igote, wala usiikaze, maana ncha yake itaharibika. Kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Huo ni mwanzo tu. Iwashe mashine ikiwa ndani ya maji, kwa kuwa pampu yake huharibika ikizunguka kavu. Ikipata joto, funga sindano kidogo kidogo mpaka mashine ianze kupiga chafya: hiyo ni njaa. Fungua tena mpaka iende kwa kusitasita kama mtu aliyevimbiwa: hiyo ni shibe. Iweke katikati, ukiegemea kidogo upande wa shibe. Katika mashine hizi mafuta ya kulainisha huingia pamoja na petroli. Ukiinyima petroli umeinyima na mafuta. Pistoni hukauka na kukwama. Mwishowe itazame buji. Rangi ya kahawia ni njema, nyeupe ni dalili ya njaa na joto, nyeusi yenye majimaji ni dalili ya shibe.

Hata hapo kazi haijaisha. Karakana yangu iko Butembo, mahali palipo juu ya mita 1,700, na mashine huijaribu ndani ya pipa. Ziwa liko chini sana, kwenye mita 900 na kidogo, na hewa yake ni nzito zaidi. Hewa ikizidi, petroli ile ile huwa haba. Tena pipani mashine haibebi mtu. Wahenga walisema, maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa hiyo nilishuka na nahodha mpaka Kyavinyonge. Tulipakia watu na nyavu, tukaenda karibu na ufuko. Mashine ilipiga chafya mara mbili. Nikaifungua sindano robo ya mzunguko, ikatulia, ikavuta mzigo wote bila kukohoa. Nahodha hakusema neno. Alivua kofia, akafanya ishara ya msalaba.

Ndugu zangu, nyumbani mwetu nako tunapenda kugeuza sindano iliyo karibu. Mtoto akishindwa shuleni, baba hushika fimbo, na mama humlaumu mwalimu. Ni nani anayefungua gurudumu? Labda mtoto hutoka asubuhi bila kula. Labda haoni vizuri ubaoni. Labda jioni hana taa. Fimbo haiwezi kuiponya njaa. Nanyi wanafunzi, msitosheke kwa sababu mnanguruma vema ndani ya pipa. Elimu hujulikana siku mnapobebeshwa mzigo wa watu wengine.

Mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pio XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Fundi aliye Mkristu amkumbuke kila anapopokea mali ya mtu. Nusu milimita ni kitu kidogo sana, na mwenye mashine haioni, maana imefunikwa na gurudumu. Mungu huiona, na watu saba huiamini pasipo kujua. Na ninyi wavuvi, hata mashine ikiwa nzima, msiondoke ufukoni bila makasia ya kutosha, buji ya akiba, na maboya ya kujiokolea kwa kila mtu.