SEHEMU YA 11: Kampuni ya simu ikiuzwa, wewe mteja unakwenda wapi?

Nesi wenu nimetoka zamu, nimeoga, nimekula, sasa tuongee. Ya leo si ya presha, si ya sukari, wala si ya kunyonyesha. Ni ya simu. Msikimbie, mtaona inavyoingia hadi wodini.

Wanaonifuata tangu sehemu ya kwanza wanajua kwamba Kagondo zipo mbili, moja iko Manispaa ya Bukoba na nyingine Muleba, na mimi maisha yangu ni kati ya hizo mbili. Jina moja, mahali pawili. Basi laini yangu ya simu ni kinyume chake: kitu kimoja, majina kibao. Wazee wetu wanakumbuka Mobitel ya miaka ya 1990. Ikaja kuitwa Buzz. Ikawa Tigo. Na Novemba 2024, msimu wa senene umeshika kasi huku kwetu, tukaamka tunaambiwa sasa ni Yas, na Tigo Pesa ni Mixx by Yas.

Siku zile kila nikipita kitandani naulizwa swali lile lile: "Nesi, eti Tigo imeuzwa? Na hela zetu?"

Jamani, tuwe wakweli. Kwa mtu wa mjini mwenye kadi ya benki, hilo ni swali dogo. Kwa mgonjwa wangu, ndani ya ile simu kuna hela ya upasuaji, kuna mchango wa shangazi wa Mwanza na kaka wa Dar, kuna hela ya kahawa iliyolipwa msimu uliopita, kuna nauli ya boti ya kurudi Bumbire. Ukimwambia kampuni imeuzwa, anachosikia ni kwamba mfuko wake umeuzwa.

Kwanza tuweke historia sawa, maana wengi wanachanganya. Jina lilibadilika 2024, lakini mauzo yalikuwa ya zamani kidogo. Tigo ilikuwa mali ya Millicom, kampuni yenye makao yake Luxembourg. Mwaka 2015 Millicom hao hao waliinunua Zantel, wakachukua asilimia 85 iliyokuwa ya Etisalat ya Emirates, na Serikali ya Zanzibar ikabaki na asilimia 15. Halafu nao wakaamua kuondoka Afrika. Biashara ya Tanzania ikachukuliwa na kundi la wawekezaji linaloongozwa na Axian, kampuni yenye mizizi Madagascar. Mauzo yalitangazwa 2021 na kukamilika Aprili 2022. Yaani zaidi ya miaka miwili mlikuwa mnatuma hela, mnanunua bando, mnapigia watoto simu, na mwenye kampuni alishabadilika. Nani alisikia maumivu?

Si hao tu. Mlio na laini ya Airtel, wengine mlianza nayo ikiitwa Celtel. Mwaka 2008 ikawa Zain ya Kuwait. Juni 2010 Bharti Airtel ya India wakainunua Zain katika nchi 15 za Afrika kwa mkupuo, kwa dola bilioni 10.7. Sisi wa Kagera tulikuwa ndani ya hiyo bei, na shamba la ndizi hata hatukutoka. Mpaka leo kuna mzee kwetu akikupa namba anasema, "Andika hiyo ya Celtel." Na ukipiga, inaita.

Sasa nieleze kinachouzwa na kisichouzwa, kwa lugha ya wodini.

Kila zamu ikiisha sisi manesi tunakabidhiana. Wa usiku anampa wa asubuhi ripoti: kitanda cha kwanza kafanyiwa upasuaji jana, dripu ya pili inaendelea, sindano ya saa nne bado. Nesi anaondoka, nesi mwingine anaingia. Mgonjwa hatoki kitandani. Hatumwambii, "Mama, zamu imebadilika, hebu nenda mapokezi ukafungue faili upya." Faili lake liko pale pale, jina lake lile lile, dawa zake zile zile. Wanaobadilika ni wahudumu.

Kampuni ya simu ikiuzwa ni hivyo hivyo. Zinazouzwa ni hisa, biashara, mitambo na haki ya kukuhudumia. Namba yako inabaki. Usajili wako wa alama za vidole na NIDA unabaki. Hata ile menyu ya hela haikubadilika: ilikuwa *150*01# ikiitwa Tigo Pesa, na ni *150*01# ikiitwa Mixx.

Na hela je? Hela unayoiona kwenye simu haikai kwenye droo ya mkurugenzi wa kampuni. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na kanuni zake zinataka hela za wateja zikae kwenye akaunti maalumu za amana katika benki, mbali na hela za kampuni yenyewe, na Benki Kuu inasimamia. Kwa hiyo kampuni inaponunuliwa, mnunuzi hanunui laki yako. Tena kampuni kubwa kama hizi haziuzwi kimya kimya kama mbuzi mnadani. TCRA lazima iridhie, na Tume ya Ushindani nayo inaangalia.

Mpaka hapo mnaona hakuna tatizo. Tatizo ni hili: muulize nesi yeyote saa mbaya wodini ni ipi, atakwambia ni ile ya kukabidhiana zamu. Wa zamani ana haraka ya kwenda nyumbani, wa mpya bado hajamjua mgonjwa. Hapo katikati ndipo dozi inarukwa, au inatolewa mara mbili. Na katika simu pia, hapo katikati, jina la zamani limeondoka na jipya halijazoeleka, ndipo mwizi anapoingia. Tena anaingia amevaa sare.

Niwape kisa. Mwenyewe kaniruhusu, na nimebadilisha vitu vidogo ili asijulikane.

Baba mmoja kijana, mkewe alijifungua kwa upasuaji. Mtoto mzima, mama anaendelea vizuri, kesho yake waruhusiwe. Ndugu zake walikuwa wamemchangia 185,000 ya kulipa bili na kukodi gari la kumrudisha mama nyumbani, maana na kidonda kile bodaboda haiwezekani. Jioni ikapigwa simu, namba ya kawaida tu. Sauti nzuri, Kiswahili cha ofisini: "Ndugu mteja, laini yako haijahamishwa kwenye mfumo mpya. Ikifika saa sita usiku salio lako litafungwa."

Fikirieni huyo mtu alivyokuwa. Hajalala siku mbili. Ameona matangazo kwamba jina limebadilika, kwa hiyo habari yenyewe ni ya kweli. Hela yote ya familia iko mle. Na kapewa saa sita usiku. Akaongozwa kubonyeza, namba baada ya namba, mwisho akaambiwa aweke namba ya siri "kuthibitisha uhamisho." Uhamisho ukathibitika kweli. Hela ikahama.

Nilimkuta kwenye benchi la nje, simu mkononi, kaikodolea macho kama mtu anayesubiri iombe msamaha. Akaniambia maneno mawili tu: "Nesi, usimwambie." Mkewe akaambiwa daktari anataka mtoto aangaliwe zaidi. Siku mbili zile yule mama alikuwa na furaha, anamnyonyesha mwanawe, anauliza nyumbani wameshapika nini, na mume kila akitoka nje anapiga simu kwa ndugu kuchangisha upya. Watu ambao walishachanga. Nyie mnajua uzito wa kuomba mara ya pili.

Msije mkasema ni mshamba. Mwizi huyu habahatishi. Anasoma matangazo yale yale tunayosoma sisi, anajua wiki gani watu wana wasiwasi, anapiga jioni wakati mawakala wamefunga na huna wa kumuuliza. Ugonjwa unaingia mwili ulipochoka, na utapeli nao hivyo hivyo.

Wiki haijaisha, simu kama ile ikampata bibi mmoja aliyekuwa anamuuguza mjukuu. Huyu alisikiliza mpaka mwisho, taratibu, halafu akasema hivi, na wodi nzima tulisikia: "Mwanangu, wewe ndiye unayenihamisha, mbona ufunguo unaniomba mimi? Nyumba hata ikiuzwa, chumba changu nafunga mwenyewe." Akakata simu, akaendelea kumenya ndizi. Waitu, yule bibi hajui hisa, hajui Luxembourg, lakini kaelewa kuliko sisi wote.

Sasa niongeze jambo la pili, la intaneti ya ofisini, maana kuna wasimamizi wa vituo mnanisoma.

Kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi, sikitaji, kilikuwa na intaneti ya kampuni ndogo, ile ya kufungiwa antena juu ya paa. Kampuni hiyo ikachukuliwa na nyingine. Hatukupata barua, hatukupata simu. Asubuhi moja mtandao haupo. Ukipiga namba ya zamani, haipatikani. Mfumo wa bima haufunguki, majibu ya maabara hayaonekani kwenye kompyuta, foleni ya wagonjwa imefika getini. Tukarudi kwenye karatasi na rejista kwa siku mbili, mpaka fundi wa wale wapya akaja na kifaa chake na nywila mpya. Bili nayo ikaja mpya.

Hakuna aliyekufa, Mungu ni mwema. Lakini kuna mama aliyekuja kwa miguu kufuata majibu akarudi bila majibu, kesho yake akaja tena kwa miguu. Hilo haliandikwi kwenye ripoti ya mauzo ya kampuni yoyote. Anayehesabu ni goti lake.

Kwa hiyo makabidhiano yana adabu yake. Nesi anayeondoka bila kutoa ripoti tunamwita arudi. Kampuni inayonunua wateja, mdogo au mkubwa, inapaswa kuwaambia mapema: lini mnahama, nini kinabadilika, bei itakuwa ngapi, mkikwama mpige wapi. Na sisi tusingoje. Ukisikia mtoa huduma wenu anauzwa, nenda kaulize, pata jibu kwa maandishi, na hakikisha rejista za karatasi zipo kabatini na kalamu zina wino.

Nawaachia haya machache. Andikeni kwenye karatasi, bandikeni jikoni:

Moja. Jina la mtandao likibadilika, mteja hana cha kufanya. Hakuna "kuhamisha salio." Anayekwambia uhamishe, mwizi.

Mbili. Namba ya siri haiulizwi na mtu yeyote. Si wakala, si mtu wa mtandao, si mchungaji, si nesi. Hata mimi nikikuomba, ninyime.

Tatu. Ukiwa na wasiwasi, kata simu, kisha piga wewe mwenyewe namba 100 ya huduma kwa wateja. Usiirudie ile iliyokupigia.

Nne. Bonyeza *106# uone namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtandao husika ikafutwe.

Tano. Mwenye kampuni mpya akikuchosha, una haki ya kuondoka na namba yako. Tangu Machi 2017 Tanzania unaweza kuhama mtandao bila kubadili namba. Malalamiko peleka kwanza kwa mtoa huduma, wasipokusikia nenda TCRA. Wao wanaweza kuuziana kampuni, wewe hujafungwa kamba.

Sita, na hii ni ya akina mama wajawazito na waliojifungua. Namba 115 ya dharura ya m-mama ni bure. Haihitaji salio, na haijali kampuni imeuzwa kwa nani. Damu ikitoka, kichwa kikiuma sana, mtoto akiacha kunyonya, piga.

Yule baba, kwa wale watakaouliza: waliondoka siku ya tatu, kwa gari. Alitoa taarifa polisi na kwenye mtandao wake. Hela haijarudi. Mkewe alikuja kliniki wiki ya sita, mtoto ana afya, mashavu haya, na akaniambia, "Nesi, mume wangu siku hizi simu isiyo na jina hapokei." Nikamwambia ni tabia nzuri. Mengine ni yao wawili.

Ninachowaomba leo si kulaiki. Mpigieni mzazi mmoja aliyeko kijijini, mwambieni lile neno la bibi: chumba changu nafunga mwenyewe. Litakaa kichwani kuliko maelezo yangu yote haya.

Sehemu ya 12 Mungu akipenda ni Jumapili: homa ya mtoto usiku, nini ufanye kabla hakujakucha. Maswali wekeni hapa chini, nikitoka zamu ninajibu. Usiku mwema.